Je, nifunge ikwalaiza kwenye muziki wa gari langu?

Msomaji mmoja wa Tanga ameandika: "Nina Toyota IST niliyoifungia redio ya skrini ya Android, spika mpya katika milango yote minne, amplifaya ya chaneli nne, na sabufa ya inchi 12 kwenye buti yenye amplifaya yake. Nimetumia fedha nyingi lakini siridhiki. Mwimbaji wa kiume anasikika kama yumo ndani ya pipa. Nikiwa kwenye usukani mdundo wa mbele hauna nguvu, ingawa wanaokaa nyuma wanausifu. Na nikipunguza sauti ili tuzungumze, besi inatoweka kabisa. Fundi ananishauri nifunge ikwalaiza mbili za bendi saba, moja kwa spika za mbele na moja kwa za nyuma. Je, nikubali?"

Ndugu yangu wa Tanga, nakushauri usizinunue hizo mbili. Hata hivyo, usimhesabu fundi wako kuwa tapeli, kwa sababu katika malalamiko yako matatu lipo moja ambalo ikwalaiza hulitibu vizuri. Mawili yaliyobaki hayatibiki kwa kifaa hicho, na ukikifunga kwa matumaini ya kuyamaliza yote matatu, utakisukuma kupita kiasi hadi kishindwe hata kazi ile moja kinayoiweza.

Jina la ikwalaiza lilianzia kwenye simu za waya. Sauti ikisafiri umbali mrefu ndani ya waya, masafa ya juu (yaani sauti nyembamba) hufifia zaidi kuliko ya chini (sauti nzito), hivyo wahandisi waliweka saketi za kurudisha uwiano uliopotea njiani. Katika gari kazi yake ni hiyohiyo ya kusawazisha. Sikio la binadamu husikia kuanzia takriban Hz 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi Hz 20,000, na ikwalaiza huligawa eneo hilo katika bendi, kisha ikakuruhusu kupandisha au kushusha kila bendi kwa kitelezo chake. Kifaa hiki kinashughulika na kiasi peke yake: Hz 100 ziwe kiasi gani, Hz 2,000 ziwe kiasi gani. Hakijui sauti imefika sikioni saa ngapi, imetoka mlango wa kulia au wa kushoto, wala kama spika imekazwa kwenye pete imara au inaning'inia kwenye plastiki.

Sasa hesabu ikwalaiza ulizo nazo tayari. Simu yako ina moja katika mipangilio ya sauti. Programu unayosikilizia muziki huenda ina nyingine. Redio ya Android ina ya tatu, ambayo mara nyingi ina vitelezo vingi kuliko hizo unazotaka kununua, na si ajabu ikawa imefika kwako ikiwa tayari imewekwa kwenye mpangilio wa muziki wa aina fulani ambao hukuuchagua. Amplifaya ya spika ina kitufe cha kukuza besi, ambacho katika amplifaya nyingi hulenga karibu na Hz 45 na huweza kupandisha desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi, na amplifaya ya sabufa nayo kwa kawaida ina cha kwake. Hizo ni tano. Gari lako tayari lina baraza zima la ikwalaiza, na kila mjumbe anasema bila kumsikiliza mwenzake.

Ziweke zote sifuri, kisha usikilize kwa siku mbili au tatu. Siku ya kwanza gari litasikika limepoa, hata utajuta. Vumilia, kwa sababu sikio lililozoea chumvi nyingi huhitaji muda kabla ya kuonja chakula chenyewe. Katika magari yanayoletwa kwangu kwa malalamiko ya "sauti haieleweki", hatua hii pekee mara nyingi humaliza kazi, na mwenye gari huondoka akiwa na aibu kidogo ya kulipia kitu ambacho angeweza kukifanya mwenyewe akiwa ameketi kitini.

Kuna sababu nyingine ya kuviogopa vitelezo vilivyopandishwa, nayo ni hesabu ya umeme. Kuongeza desibeli 3 ni kuitaka amplifaya itoe nguvu mara 2; desibeli 6 ni mara 4; desibeli 12 ni karibu mara 16. Tuseme ngoma katika wimbo inahitaji wati 20 kwa sauti unayoipenda. Ukipandisha kitelezo cha besi desibeli 6, ngoma ileile sasa inadai wati 80. Je, zipo? Usisome boksi, kwa sababu boksi la amplifaya husema wati 1,000 kwa urahisi sana, soma fyuzi. Amplifaya ya chaneli nne yenye fyuzi ya ampea 30, kwa volti 13 hivi, inaweza kuvuta wati 390 kutoka kwenye betri, na kama ni ya daraja AB, aina iliyozoeleka, karibu nusu ya hizo hugeuka joto. Zinabaki wati 200 hivi kwa chaneli nne, yaani 50 kwa kila spika. Wati 80 hazipo, kwa hiyo amplifaya hukata kilele cha wimbi, sauti ikaanza kupasuka, na spika ikaendelea kupashwa joto. Hili nililijifunza kwa pua. Katika gari langu la kwanza nilisukuma kitelezo cha chini hadi mwisho, nikafurahi kwa muda usiofika nusu saa, kisha ikatoka harufu kali ya vanishi iliyoungua kutoka mlango wa kushoto. Koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya spika, ilikuwa imekwisha.

Nije kwenye lalamiko lako la pili, la mdundo wa mbele kukosa nguvu ukiwa kwenye usukani, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi wanunue ikwalaiza na ndilo ambalo ikwalaiza haina cha kulifanyia. Umesema wanaokaa nyuma wanausikia mdundo huo na kuusifu. Basi mdundo upo, unatoka kwenye spika, unaingia ndani ya gari, ila unapofika kwenye kichwa chako umeshapotea. Huo si upungufu wa kiasi.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Mawimbi mawili ya masafa yaleyale yakifika mahali pamoja, moja likiwa linasukuma na lingine linavuta, huuana. IST yako ina usukani upande wa kulia, kwa hiyo spika ya mlango wa kulia iko karibu nawe, tuseme sentimita 80 kutoka sikioni, na ya kushoto iko sentimita 130. Tofauti ni nusu mita. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, kwa hiyo wimbi la Hz 343 lina urefu wa mita 1, na nusu mita ni nusu ya wimbi hilo hasa: la kulia likisukuma, la kushoto linavuta. Hapo panakuwa na shimo, na masafa yaliyo mara tatu ya hayo, karibu na Hz 1,030, huchimba jingine. Abiria wa kiti cha nyuma katikati yuko umbali sawa na spika zote mbili, kwa hiyo hana shimo hilo. Ukipandisha kitelezo cha masafa hayo, unaongeza wimbi la kulia na la kushoto kwa pamoja. Yanazidi kuwa na nguvu na yanazidi kuuana, huku amplifaya ikizidi kuchemka na abiria wa nyuma akianza kuziba masikio. Nimeona magari ambayo fundi amejaza shimo la namna hii hadi desibeli 12, na shimo liko palepale.

Shimo hutambulikana hivi. Cheza wimbo unaoujua vizuri, kisha sogeza kichwa polepole kuelekea katikati ya gari, pale penye breki ya mkono. Mdundo ukirudi kadiri unavyosogea, tatizo ni la umbali, wala si la kiasi. Kisha hamisha sauti yote upande wa kulia, halafu yote upande wa kushoto, kwa mizani ya redio. Kama kila spika ikiwa peke yake ina mdundo mzuri, lakini zikilia pamoja mdundo unakimbia, mshukiwa wa kwanza ni waya uliogeuzwa. Kosa hili ni la kawaida mno. Fundi anapounganisha nyaya za spika ndani ya mlango usiku kwa mwanga wa simu, chanya na hasi hubadilishana upande mmoja, na tangu siku hiyo spika mbili za mbele hushindana badala ya kusaidiana.

Kulithibitisha hakuhitaji chombo chochote cha maana. Zima muziki, chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5 kama zile za rimoti ya televisheni, uguse ncha chanya ya betri kwenye waya unaopaswa kuwa chanya na ncha hasi kwenye mwingine, kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Mwenzako aliyefungua kava la mlango aitazame koni. Inapaswa kuruka kuja nje. Ikirudi ndani, nyaya zimegeuzwa. Fanya hivyo kwa milango yote minne. Kwa tuita, zile spika ndogo za masafa ya juu, usihangaike, kwa sababu kapasita inayozilinda huzuia umeme wa betri na hutaona kitu.

Kava likiwa limefunguliwa, angalia jambo la pili. Ndani ya mlango, Toyota huweka karatasi ya nailoni inayoziba matundu makubwa ya bati. Je, bado ipo? Mara nyingi huchanwa wakati wa kupitisha nyaya na hairudishwi. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, na hewa ya mbele ikipata tundu la kukutana na ya nyuma, besi hufia palepale mlangoni kabla hata haijaingia garini. Ziba matundu yale kwa shiti za lami za kuzuia mtetemo, bandika kipande kingine cha shiti hizo kwenye bati la nje nyuma ya spika, na ukaze spika kwenye pete ya plywood iliyopakwa vanishi au ya plastiki ngumu. MDF, lile bao la unga wa mbao ulioshindiliwa, usiikubali: kwa unyevunyevu wa Tanga, na kwa maji ya mvua yanayoshuka kupitia kioo, itavimba na skrubu zitalegea kabla ya masika ya pili. Kazi hii huchukua siku nzima, haionekani na mtu, na kwa maoni yangu huleta mdundo wa mbele kuliko kifaa chochote chenye taa za rangi kwenye dashibodi.

Mshukiwa wa tatu ni sabufa yenyewe. Iko nyuma yako, spika za milango ziko mbele, na karibu na Hz 80, ambako kwa kawaida moja humkabidhi mwenzake kazi, zinaweza kufika kwako zikipingana. Amplifaya nyingi za sabufa zina swichi ya awamu yenye alama za 0 na 180. Keti kwenye usukani, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kama muziki wa dansi wa zamani, na umwombe mtu aigeuze swichi hiyo huku wewe umefumba macho. Chagua upande ambao besi ni nzito zaidi kwako, hata kama maandishi kwenye swichi yanasema vingine.

Lalamiko la tatu, kwamba besi hutoweka unapopunguza sauti, si ugonjwa wa gari. Ni sikio lako, na langu, na la kila mtu. Fletcher na Munson walichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 1933 huko Marekani: sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza usikivu wa masafa ya chini haraka zaidi kuliko wa masafa ya kati. Redio nyingi za magari zina kitufe cha kufidia hali hiyo (loudness) kinachoinua besi sauti ikiwa chini na kuiacha ilivyo ikiwa juu. Kitafute katika mipangilio ya sauti ya skrini yako. Ukitumia kitelezo cha kawaida badala yake, besi itapendeza mnapozungumza, halafu ukipandisha sauti itakuwa imezidi.

Linabaki pipa. Hapa ndipo fundi wako alipokuwa na hoja. Sauti ya mwanamume inayosikika kama inatoka kwenye pipa huwa na kilima, yaani masafa fulani yaliyozidi, kwa kawaida mahali fulani kati ya Hz 125 na Hz 315. Huletwa na bati la mlango linalolia pamoja na spika, na pia na spika za milango kulazimishwa kutoa besi nzito ambayo ni kazi ya sabufa. Ukishaziba mlango kama nilivyoeleza, na ukawasha kichujio cha amplifaya kinachozuia masafa ya chini ya Hz 80 yasiende milangoni, huenda sehemu kubwa ya pipa ikawa imekwisha. Kinachobaki ni kazi halali ya ikwalaiza, kwa sababu kilima hukatwa, na kukata hakugharimu amplifaya hata wati moja.

Tazama basi kama ikwalaiza ya bendi saba ingeweza kukikata. Katika nyingi za aina hiyo vitelezo hukaa karibu na Hz 50, 125, 320, 750, 2,200, 6,000 na 16,000. Tuseme kilima chako kiko Hz 190. Hakuna kitelezo hapo. Ukishusha cha 125 unapunguza ngoma; ukishusha cha 320 unapunguza kifua cha mwimbaji; ukishusha vyote viwili kidogo kidogo, umekigusa kilima kwa kuwaumiza majirani zake wawili. Bendi saba zikigawana oktavu kumi za usikivu (oktavu moja ni masafa kuongezeka mara mbili), kila moja inalazimika kuwa pana zaidi ya oktavu nzima, na kilima cha mlango huwa chembamba kuliko hapo. Ikwalaiza ya bendi 31 ina kitelezo kwa kila theluthi ya oktavu, kwa hiyo inapata 160, 200 na 250 zikiwa mbalimbali. Bora zaidi ni ile ya kidijitali ambayo haina nafasi maalumu: unaiambia masafa unayotaka, kina cha kukata na upana wa kukata, ikafuata kilima kilipo. Redio nyingi za Android zina ama bendi nyingi ama uwezo wa kubadilisha masafa ya kila bendi, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu tayari umeilipia.

Utakipataje kilima? Chukua bendi moja, ipandishe desibeli 6 kwa muda, na sauti ya jumla iwe ya wastani. Cheza mwimbaji wa kiume au, bora zaidi, mtangazaji anayesoma taarifa ya habari, kwa sababu hotuba haina mdundo wa kukuchanganya. Sogeza bendi hiyo kutoka 125 kwenda juu polepole. Mahali fulani sauti ya mtangazaji itakuwa mbaya ghafla, kama mtu anayehutubia akiwa ndani ya simtangi. Ndipo hapo. Sasa rudisha sifuri, kisha shusha desibeli 3. Sikiliza. Ikibidi, shusha moja nyingine. Ukijikuta unahitaji kushusha zaidi ya desibeli 6, acha na urudi mlangoni, kwa maana bado kuna bati linalolia.

Unaweza pia kutumia programu ya simu inayoonyesha masafa, huku gari likicheza kelele ya pinki, ambayo ina nguvu sawa katika kila oktavu. Zungusha simu polepole kuzunguka mahali kichwa chako kinapokaa badala ya kuiweka sehemu moja, maana sentimita kumi hubadilisha picha. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, hivyo usiiamini kwa masafa ya chini kabisa, lakini kwa eneo la pipa inatosha. Na usijaribu kuunyoosha mstari mzima uwe kama rula: ndani ya gari mstari ulionyooka husikika mkali na mkavu. Mteremko mpole, besi ikiwa juu kidogo na masafa ya juu yakishuka taratibu, ndio unaopendeza. Gari lenyewe husaidia katika hilo, kwani chumba cha IST, ukikihesabu pamoja na buti lililo wazi nyuma ya siti, kina urefu wa mita 2 hivi, na chini ya takriban Hz 85 hata nusu ya wimbi haitoshei humo, hivyo hewa yote husukumwa kwa pamoja na besi hupanda bila msaada wa kifaa.

Baada ya yote hayo, je, kuna hali ambayo ningekwambia ununue? Ipo. Kama ungekuwa na redio ya kiwandani yenye besi na trebo tu, na hutaki kuiondoa, ikwalaiza ya bendi saba yenye kitufe cha sauti mkononi ingekuwa hatua nzuri na ya bei nafuu. Wewe huna hali hiyo. Hali yako ni ya lile shimo la nusu mita, ambalo nyaya zikiwa sahihi na milango imezibwa bado litakuwepo kwa kiasi fulani, kwa sababu kiti chako hakitahamia katikati. Dawa yake ni kuichelewesha spika iliyo karibu: nusu mita ni takriban milisekunde 1.5, na ukiichelewesha ya kulia kwa muda huo, sauti mbili hufika kwako pamoja na mwimbaji husimama mbele ya kioo badala ya kukaa juu ya goti lako la kulia. Skrini nyingi za Android zina mpangilio huo. Kama yako haina, basi hifadhi fedha za ikwalaiza mbili ununue prosesa moja ya sauti ya kidijitali, ambayo huchelewesha, huchuja na kusawazisha kila spika peke yake. Hilo la "kila spika peke yake" ni muhimu, kwa sababu mlango wa kulia na wa kushoto hauna kilima kimoja. Spika ya kulia inapiga mguu wako, ya kushoto iko wazi. Ikwalaiza ya kawaida ya dashibodi huwakata wote wawili kwa kisu kimoja.

Chochote utakachokifunga kati ya redio na amplifaya, kumbuka kwamba umeongeza jozi nyingine za plagi na sehemu nyingine ya kuingilia kelele. Waya wake wa hasi uunganishwe mahali pamoja na wa redio, kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae, na nyaya za muziki zipite upande mmoja wa gari huku waya mnene wa betri ukipita upande mwingine. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, hiyo ni oltaneta inaimba kupitia hasi mbovu. Hakuna kitelezo cha kuinyamazisha. Geini za amplifaya, yaani vitufe vya kiasi cha ukuzaji, nazo zipangwe upya, kuanzia chini, kwa sababu kifaa kipya hubadilisha nguvu ya mawimbi yanayoingia.

Jambo dogo kuhusu masafa ya juu, kwa kuwa ndiyo yanayovutia mkono wa kila mtu. Redio ya FM hurusha muziki usiozidi Hz 15,000. Ukipandisha kitelezo cha 16,000 ukiwa unasikiliza redio, sehemu kubwa ya unachoongeza ni mchakacho. Na karibu na Hz 6,000 ndiko zinakoishi "s" na "sh" zetu, ambazo katika Kiswahili ni nyingi. Ukizidisha hapo, kila neno litakuchoma sikio kabla hujafika Muheza.

Ukimaliza kupanga gari likiwa limesimama, lipeleke barabarani hadi Segera na kurudi. Muungurumo wa matairi kwenye kilomita 80 kwa saa hufunika masafa ya chini, kwa hiyo besi iliyotosha nyumbani itaonekana imepungua. Usibadilishe mpangilio wa nyumbani. Hifadhi wa pili kwa ajili ya safari, ukiwa na desibeli 2 au 3 zaidi kwenye sabufa peke yake.

Ama ikwalaiza ya spika za nyuma, hiyo sioni kazi yake kabisa. Waliokaa nyuma wameshakwambia wanaridhika. Keti kwenye usukani, punguza za nyuma kwa kitufe cha mbele na nyuma hadi usizisikie zikitokea mgongoni, halafu zirudishe juu hatua moja tu.